Nani Atanisindikiza Stesheni?

Jumatatu, 12 Juni

Tumefaulu mtihani wa mwisho wa chuo! Binamu kwa kishindo, mimi kwa neema. Jumamosi tunapanda treni moja kurudi nyumbani. Miaka mitatu ya mji wa watu, basi tena!

Shangazi kapiga simu. Ndiye mama mzazi wa binamu na ndiye aliyenilea mimi, kwa hiyo anatupima kwenye mizani moja tangu utotoni. Kasema mtu hujulikana kwa wanaomsindikiza, tumtumie picha ya stesheni tukiwa na watu wetu. Ukutani sebuleni kwake imebaki nafasi ya fremu moja. Moja! Nyingine zote ni binamu: binamu na kombe, binamu na cheti, binamu juu ya mti. Mimi nipo kwenye ile ya mti, kiwiko tu.

Fremu hiyo ni yangu. Nimeapa.

Jumanne, 13 Juni

Tatizo. Watu wa hapa hawasindikizi. Ni wema sana, lakini ukiwaaga wanasema kwaheri mlangoni, kisha unasikia komeo.

Nimemweleza mama mwenye nyumba kwamba kwetu mgeni hutolewa hadi njiani. Akauliza kwani mgeni hajui njia. Nikasema anaijua. Akauliza sasa mnaongozana kwenda kufanya nini. Nikaenda kuosha vyombo.

Binamu anakunja mashati na kupiga mluzi. Nilimuuliza nani atamsindikiza. Eti atakayekuja na aje. Jeuri hiyo!

Jumatano, 14 Juni

Nimepata! Akili ni nywele, na zangu nilizipeleka kwa kinyozi wa pale kona. Bwana huyu anampenda mkutubi wa maktaba ya mtaa na hajawahi kumwambia hata hujambo. Huazima vitabu vya mapishi, na yeye kupika hajui, ilimradi amwone akipiga muhuri. Nikamnong'oneza kwamba Jumamosi mkutubi atakuja stesheni kuniaga. Wembe ukasimama shingoni mwangu. Akaapa atakuja, tena na koti jipya. Amenikata sikio kidogo, si kitu.

Kisha maktaba. Nina kitabu chao cha ndege wa majini, nimekikalia tangu mwaka jana. Nikamwambia mkutubi nitamkabidhi stesheni tu, ndiyo heshima ya kwetu. Akasema haya, atakuja.

Wawili tayari! Nimerudi nyumbani narukaruka, watoto wa jirani wananicheka.

Ijumaa, 16 Juni

Mpangaji mpya anahamia chumbani kwangu kesho mchana. Kwa hiyo nimeficha ufunguo ndani ya soksi na kumwambia mama mwenye nyumba ataupata stesheni, nikishapanda. Wala hakugomba. Aliguna tu, akaendelea kupiga pasi.

Jioni nimemfundisha kupunga mkono. Kitambaa juu, mama! Juu zaidi! Kuhusu machozi amekataa katakata. Anasema hajalia tangu friji lake life.

Watu watatu. Binamu hana hata mmoja. Namwonea huruma, karibu nimpe kinyozi.

Jumamosi, 17 Juni

Wamekuja! Wote! Kinyozi na koti jipya, karatasi ya bei inaning'inia mkononi. Mkutubi na tabasamu. Mama mwenye nyumba na kitambaa kilichopigwa pasi. Nilitaka kuruka hadi paani.

Mara geti likafunguka. Timu nzima ya mpira ya chuo, hadi kipa wa akiba, wanaimba jina la binamu! Binamu mwenyewe alishangaa. Akanipa simu yake, akaomba nipige picha moja ya watu wote kwa kumbukumbu. Watu wangu nao wakaingia humo humo na kutabasamu. Ningefanyaje? Nikapiga. Nikasema haya, sasa zamu yangu.

Ndipo mama mwenye nyumba akatoa kikombe changu kwenye mkoba. Kile cha chai, chenye mpini uliomeguka. Akasema nikichukue, hataweza kumwona mtu mwingine akikinywea. Na akalia! Nikalia na mimi. Sikuigiza. Nilimpenda mama yule na sikuwahi kumwambia, na picha ikanitoka kabisa kichwani.

Alipogeuka kwenda, akichechemea kwa goti lake bovu, nikamwambia binamu apakie mizigo yangu na anishikie kiti. Mtu amekusindikiza, umwache arudi peke yake? Nimelelewa mimi! Nikamtoa hadi getini. Getini nikaona si vizuri, nikamvusha barabara. Nikamfikisha mlangoni kwake.

Nikaaga. Akakataa. Akasema sasa amenielewa: hawezi kuniacha nirudi peke yangu. Akafunga mlango, tukashikana mikono, tukaanza kurudi kwa mwendo wa goti lake.

Tulikuwa nusu ya njia tuliposikia honi ya treni.

Jumapili, 18 Juni

Nimelala kwenye kochi la mama mwenye nyumba, sina nguo ya kubadili. Nina kikombe.

Shangazi kapiga simu. Picha imefika na inakwenda kwenye fremu leo leo. Binamu katikati, watu tele, mama mmoja na kitambaa, bwana mmoja wa koti anamwangalia dada mmoja badala ya kamera. Akauliza mwenzangu anaagwa vile, mimi nilikuwa wapi. Nikasema ndimi niliyepiga. Akasema ah, ndiyo maana, ameona kidole pembeni.

Kinyozi na mkutubi wamepita hapa, pamoja, wanacheka kama watoto. Kitabu mkutubi kakisahau kabisa.

Nimeutoa ufunguo kwenye soksi, nikamrudishia mama kwa aibu. Akacheka. Mpangaji aliingia tangu jana. Kumbe siku zote alikuwa na ufunguo wa akiba.

Hatari hiyo! Ina maana angeweza asije!

Treni nyingine ni Jumatano, na safari hii sibahatishi. Nitapiga picha mimi na mama peke yetu, shangazi atanunua fremu nyingine. Nimeshaficha miwani yake, ataifuata stesheni. Bila miwani hawezi kuvuka barabara, kwa hiyo itabidi nimfuate hapa nimpeleke, kisha nimrudishe. Ila nitamrudisha hadi mlangoni tu, halafu natoka mbio.