Mwakilishi wa Akiba wa Darasa la Tano

Jumatatu, 10 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri: tangu Septemba namwomba Mungu amwondoe Mignonne kwenye uwakilishi wa darasa letu, la tano la sekondari. Naomba kwa adabu. Simtakii mabaya. Nataka kiti chake tu.

Mignonne ni rafiki yangu. Niseme kweli, ndiye pekee niliye naye. Mchana tunakula pamoja maktabani, ingawa ni marufuku. Kwenye uchaguzi alipata kura kumi na saba. Mimi tatu, moja nilijipigia. Kwa kuwa nilikuwa wa pili, nikawa mwakilishi wa akiba. Kazi yake ni kungoja.

Leo mwalimu wa historia wa shule yetu hapa Brussels kagawa mada. Yangu: wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Ubelgiji kati ya vita viwili vya dunia, nani aliingia, nani alitoka. Wenzangu wakanihurumia. Nusura nilie kwa furaha. Zama zile mjumbe akifariki au akijiuzulu, uchaguzi haukurudiwa. Alipanda wa akiba! Chini ya orodha kuna maandishi madogo: fulani alifariki, nafasi yake ikachukuliwa na fulani. Niliyasoma hadi wali ukapoa.

Maman akauliza ninasoma nini. Nikamweleza: wajumbe mia moja themanini na sita, mwishoni mia mbili na wawili. Akauliza sisi wa Kongo tulikuwa na wangapi. Nikasema hakuna. Hata wa kungoja? Hata wa kungoja. Akasema basi nile.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata njia. Katiba yao ilisema mjumbe akikubali kazi ya mshahara kutoka serikalini, isipokuwa uwaziri, anapoteza kiti papo hapo mpaka achaguliwe tena. Nikatafuta kanuni za baraza letu la wanafunzi. Kifungu cha tisa: anayelipwa na shule hawezi kuwa mwakilishi.

Na shule inatafuta mwanafunzi wa kuwasaidia wadogo kazi za nyumbani kila Jumatano, kwa malipo!

Nikaandika barua ya kumpendekeza Mignonne. Kurasa tatu. Mvumilivu, hodari wa hesabu, watoto wanampenda, hamcheki mtu anayeshikwa na kigugumizi. Sikuhitaji kubuni hata neno moja. Hilo lilinisumbua kidogo. Nikaipeleka.

Ijumaa, 14 Machi

Wamempa kazi, na wamemwonyesha barua yangu. Alinikuta maktabani, macho mekundu. Kumbe mama yake, Maman Émérance, yuko hospitali tangu Januari. Nilijua anaumwa. Sikujua ni kiasi hicho. Sikuwa nimeuliza, nilikuwa na mambo mengi.

Mignonne akaniambia sasa ataweza kumnunulia mama yake maji ya marakuja, yaani pasheni, kitu pekee anachoweza kumeza. Akanishika mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili cha kwetu Kongo:

"Bertin, weye ni muntu muzuri. Bengine bote habakuona kitu."

Nikamtajia kifungu cha tisa, kwa sauti ya masikitiko. Akasema Ilyas ameshakishughulikia. Ilyas ni mwenyekiti wa baraza, wa darasa la sita, baba yake ni ofisa wa ubalozi wa Kenya. Saa nne aliitisha kikao cha dharura uani. Kifungu kimesimamishwa kwa kura zote. Nikamfuata kumpinga. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Mombasa kwamba kanuni hazikutungwa kumtesa mtu ambaye mamake yu kitandani.

Wajumbe wa mwaka 1921 wasingethubutu.

Jumanne, 18 Machi

Mignonne hakuja shuleni. Kikao kilikuwa saa tatu. Ilyas akasema nikae kwenye kiti cha Mignonne, kwa leo tu. Nilikuwa na tai mfukoni. Huwa ninayo kila siku ya kikao.

Kiti ni cha plastiki, mguu mmoja mfupi. Mada: milango ya vyoo. Nilikuwa na hotuba ya dakika sita. Nikanyoosha mkono, nikasimama. Sauti haikutoka. Ilyas akauliza darasa letu linataka milango ya aina gani. Nikajibu ndiyo. Nikakaa.

Saa sita mkuu wa shule akaingia darasani. Maman Émérance amefariki asubuhi, saa tatu na robo.

Saa tatu na robo nilikuwa nanyoosha tai.

Jumamosi, 22 Machi

Matanga, nyumbani kwao hapa mtaa wa Evere, ghorofa ya nne. Viti vya kanisa hadi kwenye ngazi. Picha ya marehemu juu ya televisheni, imezungushiwa maua. Wamaman jikoni, sufuria kubwa zote. Nilikwenda na Maman. Nilikuwa nimepanga kutosema kitu.

Kaka wa marehemu, mjomba wa Mignonne, tonton Crispin, akauliza nani atasema kwa niaba ya shule. Wanafunzi wote wakanigeukia. Mwakilishi ni mimi sasa, wakasema.

Kwa mara ya kwanza sauti ikatoka. Lakini nilijua namna moja tu ya kuaga wafu, ile ya bungeni niliyokuwa nikiisoma wiki nzima. Nikasema:

"Waheshimiwa, Baraza limempoteza mjumbe wake. Naomba tusimame."

Walioweza kusimama walikuwa wamesimama tayari, viti havikutosha. Waliokaa ni wazee. Wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wakishikilia fimbo na mabega ya wajukuu. Ilichukua muda mrefu. Mignonne aliinuka kabla ya wote, akasimama wima, akinitazama, kama vile nimesema jambo la maana sana.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Maman akanivuta koti. Mama mmoja akaanzisha wimbo, nikaponea hapo.

Jumapili, 30 Machi

Tonton Crispin anamchukua Mignonne kwenda kuishi naye Liège. Nilikwenda kumsindikiza stesheni ya Gare du Midi. Siku ya soko, watu wanapita na mifuko ya nyanya na kuku wa kuchoma, na sisi katikati na masanduku mawili.

Nilikuwa na barua yake ya kujiuzulu, nimeshaipiga chapa, imebaki sahihi tu. Bila barua, kanuni inasema kiti kinabaki wazi hadi Juni. Nilijiambia sitaitoa. Dakika tisa kabla ya treni nikaitoa.

Aliisoma yote. Akatia sahihi juu ya sanduku la mama yake.

"Ungeniomba tu mu Septembre," akasema. "Mi nilichukua ile kiti sababu weye hausemake. Nilijiambia, bon, nitasemaka kwa ajili yako."

Tonton akamwita. Nikamshikia mlango wa kituo.

Jumatano, 2 Aprili

Nimethibitishwa. Mwakilishi kamili. Kazi ya historia nimepata kumi na nane juu ya ishirini. Mwalimu ameandika kwamba nimewaelewa sana watu wale.

Nimekula peke yangu maktabani. Mkutubi akaja kunikataza, mara ya kwanza. Kumbe alikuwa akimwogopa Mignonne.

Mignonne ameandika ujumbe. Anauliza kama nimesema kitu barazani. Anasema Liège ni kimya, mke wa tonton ni mkarimu, usiku anasahau na kwenda kumwangalia mama yake. Nimeusoma mara nne. Sijajibu.

Nikasoma kanuni badala yake. Kifungu cha kumi na mbili: mwenyekiti akiondoka shuleni, nafasi yake inachukuliwa na mwakilishi wa darasa la tano. Yaani mimi.

Maofisa wa ubalozi hawakai mahali pamoja milele.

Nikamtafuta Ilyas. Nikamuuliza kama amelizoea jiji la Brussels, na baba yake amebakiza muda gani. Akasema tangu afike hapa hakuna aliyewahi kumuuliza habari za nyumbani kwao. Baba anahamishwa Juni. Yeye hataki kuondoka, ameshahama mara tano, halali vizuri. Akavuta kiti, akaketi karibu nami, akaendelea kuzungumza.

Nilimsikiliza hadi kengele ikalia. Kisha nikafungua daftari, nikaandika Juni, nikapiga mstari chini yake.