Kumi kwa Kumi kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 16 Septemba

Nimepata! Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata kidogo kwa furaha.

Jumamosi kuna Foire ya Chakula, maonyesho ya mapishi, kwenye Parki Kiboko, ile parki mpya ya michezo hapa Uvira, kando ya ziwa. Imepewa jina hilo kwa sababu ya kiboko wa sima, saruji ya kujengea, anayekenua meno mlangoni. Viboko wa kweli huja usiku kula majani yake, na hakuna aliyewahi kuwadai kiingilio. Wapishi watashindana, na mshindi atabeba frigo kubwa ya kugandisha.

Mama Ernestine, muuza samaki wa Kavimvira, amejiandikisha na mukeke wake wa kuchoma. Ziwa limefunguliwa tena kwa uvuvi mwezi uliopita, mukeke wamerudi wanene, lakini wasiouzwa jioni wanamwozea asubuhi. Frigo ile anaililia kweli kweli.

Mama Ernestine ndiye mama yake Eliane. Eliane ndiye nitakayemwoa, Mungu akipenda na mama yake pia. Nilijitambulisha kwao mwezi wa saba, na vinywaji nilipeleka. Tangu hapo familia "inatafakari". Mimi ni fundi wa simu wa Kimanga, natengeneza hata zilizoanguka chooni. Kuna nini cha kutafakari?

Basi nitakuwa juri, mmoja wa waonjaji wanaotoa alama. Nitampa kumi kwa kumi. Atashinda, atashukuru, atatafakari haraka.

Jumanne, 17 Septemba

Nimeonana na meneja wa parki, bwana Frédéric. Nimemwambia nilisomea upishi Bujumbura. Si uongo mkubwa. Bujumbura nilikula sana. Akauliza ni chuo gani. Nikakohoa mpaka akaniletea maji.

Nimepewa beji! JURI, kwa herufi kubwa. Ninaandika haya nimeivaa juu ya singleti.

Ubaya ni mmoja tu: Lionel. Yule ndiye anayeendesha lile gurudumu refu la viti, linalopandisha watu hewani na kuwashusha wakiwa wamejuta. Pia anaimba kwaya moja na Eliane. Kijana mpole, shati limepigwa pasi, anasalimu wakubwa kwa mikono miwili. Simwamini hata kidogo.

Nimemshauri bwana Frédéric asimalize mazuti, mafuta ya mashine, kwenye michezo ya watoto. Yaende kwenye jenereta ya vipaza sauti, ili hukumu ya juri isikike mpaka mpakani. Na mimi nipewe mikro ya kusemea, isiyo na waya, ya kubana kwenye kola. Amekubali yote. Kumbe kuongoza ni kazi nyepesi, sijui wakubwa wanalalamikia nini.

Alhamisi, 19 Septemba

Balaa! Shangazi Georgette amepita kusalimu. Akaona beji, akashika kichwa.

"Weye Sylvestre, uko muzima kweli? Mukwe anakula mbele ya mama mukwe?"

Nilisahau! Mimi, niliyemwona baba yangu akikimbia na sahani nyuma ya nyumba kila bibi mzaa mama alipoingia uani. Mkwe hatafuni mbele ya mama mkwe. Akiyaona meno yako yakifanya kazi, heshima imekwisha, na posa imeifuata. Nikajitetea kwamba bado sijaoa. Shangazi akasema aliyekwisha kujitambulisha ni mkwe kwa kila kitu, isipokuwa kupata mke. Alisema hayo akimalizia ndizi zangu.

Dawa yake: nirudishe beji, niseme sababu, na mama Ernestine ataniheshimu. Ushauri wa watu wasio na mawazo. Beji yenyewe imenikaa vizuri sana.

Ijumaa, 20 Septemba

Suluhisho: gurudumu!

Nitapanda na sahani. Kiti nitakizungushia kitenge pande zote. Nitakula kule juu, mama Ernestine akiwa chini, na atakachoona ni maua ya kitenge. Mila imelindwa, mukeke ameliwa, ndoa imesimama. Wakati mwingine najiogopa.

Nimemweleza Lionel kwamba juri wa kweli huonjea penye hewa safi. Akanijibu polepole kwamba mazuti ya gurudumu yamebaki kidogo, mengi yamepelekwa kwenye muziki. Wivu huo! Nimemwambia afanye kazi yake.

Jumamosi, 21 Septemba

Natamani leo isingekuwepo.

Asubuhi ilikuwa tamu. Watu wamejaa, moshi wa makaa, watoto wanne juu ya kiboko wa sima. Nilionja ndakala, wale samaki wadogo, wa kukaanga. Nilionja sombe, majani ya muhogo, ya mama Blandine, na sitaki kusema jinsi ilivyokuwa nzuri. Majuri wenzangu wawili waliandika alama zao kimya kimya. Mimi nilikunja uso kama mtu wa Bujumbura.

Ikafika zamu ya mama Ernestine. Alikuwa amevaa kitenge kipya, mikono inatetemeka. Nilipokea sahani macho chini, kama mkwe mwema. Eliane alitabasamu! Nikapanda. Nikafunga kitenge. Lionel akawasha.

Nilipofika juu kabisa, gurudumu likakohoa na kusimama. Mazuti yamekwisha. Sikujali. Nilikuwa na mukeke, kivuli na mwonekano wa ziwa kupitia tundu. Nikala. Nilitafuna kwa uhuru, nikanyonya mifupa, nikalamba vidole. Hakuna anayeniona! Hata nikajisemea peke yangu, mdomo umejaa:

"Mama yangu, chumvi imezidi! Lakini si kitu. Kumi kwa kumi. Mama mkwe ni mama mkwe."

Nikasikia maneno yangu, kupitia ile mikro ya kolani, yakirudi kutoka kwenye vipaza sauti. Yote. Na kutafuna kote kulikotangulia. Mazuti ya vipaza sauti, bila shaka, yalitosha mpaka mpakani.

Chini kikalipuka kicheko, kicheko ambacho sijawahi kukisikia hata kwenye arusi. Nilichungulia. Mama Ernestine alikuwa amejifunika kichwa kwa kitenge chake kipya. Eliane alikuwa akikusanya sahani bila kuangalia juu.

Lionel alinishusha kwa kusukuma gurudumu kwa mikono, akitoka jasho, bila neno baya hata moja. Mtu mbaya sana yule.

Majuri wenzangu walimtoa mama Ernestine kwenye shindano kwa upendeleo. Upendeleo wangu! Frigo imekwenda kwa sombe. Nilimwona mama akiwasha makaa upya, auze mukeke waliobaki kabla hawajaharibika. Niliona aibu, aibu ya kweli. Bwana Frédéric alinivua beji kwa mkono wake.

Jumapili, 22 Septemba

Sikwenda kanisani. Watoto wa jirani wanacheza mchezo mpya: mmoja anatafuna, wengine wanaanguka kwa kucheka.

Nimemtuma shangazi akatoe hoja yangu: mila inakataza mama mkwe kuona. Kuona! Mimi nilisikika tu.

Shangazi amerudi na jibu. Mama Ernestine amesema: "Minye sikuona kitu. Nilisikia. Na Uvira yote ilisikia." Hoja imekataliwa.

Nimelia kidogo. Eliane hashiki simu. Nilimpenda yule msichana kabla sijajua mama yake anachoma samaki. Naandika hilo hapa kwa sababu hakuna atakayeniamini nikilisema.

Jumatano, 25 Septemba

Eliane amekuja! Alisimama mlangoni, hakukaa. Amesema mama yake alirudi nyumbani akaonja vipande vilivyobaki. Chumvi ilizidi kweli. Siku ile mkono ulimtetemeka, akatia mara mbili. Na wote walioonja walimsifu, kila mmoja, mpaka Lionel.

"Mama anasema iyo ya chumvi, iko neno ya kweli ya kwanza ilitoka mu kinywa yako. Anasema muntu mwenye iko na neno moja ya kweli, anaweza pata ingine."

Basi familia itanipokea Jumamosi kwa sharti moja. Nilete mbuzi wa kusafisha aibu, mbuzi wangu mwenyewe, niliyemnunua mwenyewe. Niombe msamaha, nikae, ninyamaze. Ujanja hapana. Nimeapa mbele ya Eliane, mkono juu, machozi yakinitoka. Ameyafuta kwa kidole chake. Nimebadilika. Mimi ni mtu mpya kabisa.

Binamu yangu Ezéchiel, wa Lemera, ana beberu mweupe, mrembo, mwenye sifa moja: hakuna kamba asiyoikata. Mfunge popote bondeni, keshokutwa yuko kwao mlimani, anacheua. Ezéchiel amekubali kuniazima. Jumamosi namkabidhi kwa mikono miwili. Jumatatu amekwisha kurudi Lemera kwa miguu yake, mama Ernestine atasema ameibwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpa pole.

Huu si ujanja. Ni mpango, na kwenye kiapo mpango haukutajwa.

Eliane amepiga simu jioni kuuliza kama kweli mbuzi nimemnunua. Nimemwambia ndiyo. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Amesema mama amepata mtu wa kuja kumfungia mbuzi vizuri, kwa cheni ya chuma ya parki: Lionel.

Cheni! Nimeshaanza kutafuta msumeno.