Euthys Sio Mara Moja

Jumanne, 6 Agosti. Muhuru Bay.
Wamemchagua Zablon tena kuwa mkalimani wa makambi, mikutano yetu ya Wasabato, kule Homa Bay. Yule anayefungua mdomo kama samaki ngege aliyetolewa majini. Nikapinga, nikajitaja mimi. Omwenga, mzee wetu wa kanisa, akasema sawa, Sabato pasta atatupima mbele ya watu. Zablon hajui nina Kigiriki kwenye simu. Shule niliacha Form Two, lakini kichwa hakikuacha.

Alhamisi, 8 Agosti.
Nimelipata neno la Kigiriki: euthys. Marko amelinyunyiza kila mahali katika Injili yake kama chumvi. Biblia yetu inasema "mara". Msomi mmoja anasema mara nyingi ni "kisha" tu, Marko anasukuma hadithi. Mwingine anasema inategemea, wakati mwingine ni papo hapo kabisa. Huyo nimemfungia ukurasa.

Ijumaa, 9 Agosti.
Nina hasira. Shangazi Nyakerario alienda Migori, akaagiza nianue omena, dagaa wetu walioanikwa, mara moja, kabla ya jua kutua. Nikaona mara moja ni kisha. Nikaendelea kusoma. Jua likazama, Sabato ikaingia, na Msabato hagusi kazi. Bhoke, jirani Mkatoliki, akaanua zake huku akiniuliza kama zangu zinamngoja Yesu. Halafu mvua.

Sabato, 10 Agosti.
Pasta akasoma kwa Kiingereza jinsi wavuvi walivyoitwa na Yesu. Zablon: mara wakaacha nyavu. Takataka. Mimi nikakohoa, nikataja euthys, nikatafsiri: kisha, baada ya muda, wakaacha nyavu. Hilo la muda niliongeza mwenyewe, kwa utamu. Kanisa lote ni wavuvi. Mmoja akauliza kama waliuza samaki kwanza. Pasta akasema neno hilo kwingine hulegea, lakini hapa nimeua wito. Shangazi akasimama, akamwambia pasta asishangae, huyu omena zimemwozea akitafakari. Wakacheka hadi kwaya. Zablon akanipa mkono. Afadhali angenipiga.

Jumatatu, 12 Agosti.
Zablon yuko Homa Bay. Mimi nageuza omena mbovu za chakula cha kuku. Wivu tu. Pasta, Omwenga, shangazi, wote. Nimempigia mzee wa kanisa mmoja kule kisiwani Mfangano, hawana mkalimani. Nimemwambia Kigiriki changu kinatisha. Akauliza, na Dholuo, lugha ya watu wa huku? Nimemwambia asiwe na wasiwasi, hiyo nitajifunza kwenye boti.