Nilivyofungiwa Pamoja na Mama wa Madibira kwenye Chumba cha Tasnifu

Leo nimeumbuka. Tena mbele ya mgeni rasmi, mchana kweupe.

Mimi ni mkutubi kwenye chuo kimoja hapa Mbeya. Leo tulikuwa na siku ya kuhamasisha tafiti za chuo zisomwe bure na kila mtu. Mahema uwanjani, muziki, bango kubwa: “Maarifa ni ya Wote.” Mtoa mada ni mimi. Nimevaa sketi ya kubana, mpya ya soko la Mwanjelwa, na taiti ndani kwa sababu ya baridi.

Asubuhi akaja Mama Neema, mkulima wa mpunga kutoka Madibira, mmoja wa waalikwa wetu. Hata chai hajanywa, akanivuta pembeni.

“Dada, kuna mwanafunzi wenu alikuja kutuuliza maswali kutwa nzima juani. Kwa nini mpunga unanyauka kabla ya kutoa masuke, tunatumia dawa gani, mpaka tunakula nini. Majibu yako wapi?”

“Yapo maktaba, mama. Twende nikuonyeshe.” (Kiherehere changu.)

Tasnifu zote zinakaa chumba cha nyuma na funguo anazo Mzee Mwakalinga, mtunza chumba hicho. Nimeshagombana naye mpaka nimechoka. Nikasema siku kama ya leo hawezi kukataa.

Akakataa.

“Bila kibali cha mkurugenzi, haisomwi.”

“Mkurugenzi yuko wapi?”

“Iringa. Semina.”

“Semina ya nini?”

Mzee akajikuna shingo. “Ya kufungua tafiti kwa wananchi.”

Jamani! Damu ilinichemka. Wananchi si ndio hawa? Mama wa watu kapanda basi alfajiri! Muda wake tulichukua, maneno yake tulichukua, mtu akavaa joho akapiga picha, halafu yeye aombe kibali kusoma habari za shamba lake mwenyewe?

Mzee akaenda kunywa chai. Mlango kaurudishia tu, kufuli linaning’inia. Nikamwambia Mama Neema, “Ingia.”

Ndani vumbi. Tasnifu zimerundikwa hadi darini kama matofali. Tuko nyuma kabisa tunatafuta, mara nasikia mlangoni kacha! Mzee kakumbuka kufuli lake.

Mwenye akili angepiga kelele palepale. Mimi nikamziba Mama Neema mdomo, nikachuchumaa nyuma ya kabati. (Mkutubi. Mwenye shahada. Anajificha kwenye maktaba yake.) Nilipokuja kugonga mlango, Mzee alishaondoka na muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Simu yangu ipo kwenye chaji ofisini. Mama Neema anayo yake, lakini sina namba ya mtu kichwani. Nani anakariri namba siku hizi?

“Basi tusome,” akasema, akakalia boksi.

Tasnifu ya yule mwanafunzi tuliipata. Kiingereza mwanzo mwisho! Nikawa namtafsiria, naye anatikisa kichwa, “Eeh, hilo kweli,” mpaka sura ya mwisho, ambapo mdomo wangu ulitangulia akili:

“Wakulima wa eneo hili hawana mwamko wa kutafuta matokeo ya utafiti.”

“Hawana nini?”

“Mwamko, mama.”

“Mimi?” Akasimama. “Mimi niliyefungiwa humu?” Akaendelea kwa Kisangu, lugha ya kwao. Sikujua neno hata moja, na nilielewa yote.

Mara spika huko nje: “Sasa tumkaribishe mtoa mada!” Jina langu. Makofi. Kimya. Jina langu tena.

Hasira zikanipanda mpaka utosini. Kuna kidirisha cha juu kisicho na nondo, kinatazama uwanjani. Nikapanda meza. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Nyonga zikagoma, na sketi ikanasa kwenye komeo. Mbele siendi, nyuma sirudi.

“Mtoa mada wetu…” Mshereheshaji akasita. “Eh. Namwona pale.”

Uwanja mzima ukageuka. Simu zikainuka. Mlinzi akaja mbio na rungu: “Mwizi wa vitabu!” Na Mama Neema, kwa nia njema kabisa, akanisukuma kwa nguvu zake zote za kupura mpunga. Chwaaa! Sketi ikabaki ndani. Mimi nikatua kwenye maua ya mkuu wa chuo, nimevaa taiti ya madoa ya chui.

Mzee akakimbia kufungua mlango. Mama Neema akatoka taratibu, tasnifu kwapani, akaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti.

“Hiki kitabu kinasimulia shamba langu. Nakwenda kutoa kopi, nitakirudisha. Anayetaka kunizuia aje anizuie hapa, watu wote waone.”

Mgeni rasmi akamtazama Mzee Mwakalinga. Mzee akatazama chini. Hakuna aliyesogea. Mama Neema akapigiwa makofi mpaka akapotea getini. Mimi nikarushiwa kitenge.

Jumatatu nimeitwa kujieleza kwa nini niliingia bila kibali. Nitaenda, na nitaongea mpaka wajute kuniita.

Ila nyie mnaosambaza ile video mumwogope Mungu. Miaka yote hiyo tafiti zetu hazijavuka geti la chuo. Taiti yangu imefika mtaani kwetu Soweto kabla sijafika mimi, na mama mkwe ameshaiona.