Ukuta Ulioshiba Maji

Siku Ausi alipolitoa koti lake la harusi msumarini akalikuta limeota manyoya ya kijani, hakulia. Watu wa aina yake hawalii, wanatafuta nani wa kumliza.

Lilikuwa koti jeusi la kushonesha, halijavaliwa hata mara moja. Mwezi wa tatu ulikuwa unaishia, Mbinga mvua ilikuwa imeamua kuhamia moja kwa moja, na chumba cha nyuma alichopanga kwa Bibi Gaudiosa kilikuwa kimelowa kuanzia sakafuni hadi kifuani mwa mtu mzima. Ukungu mweusi chini, wa kijani juu yake, na karibu na dirisha kulikuwa na mwingine wa rangi ya chungwa ambao Ausi hakutaka kuujua zaidi. Viatu vilikuwa vimeota. Godoro lilikuwa limeota. Hata sabuni ilikuwa imeota, na hilo aliliona ni utovu wa adabu.

Alishalalamika mara nne kwa mwenye nyumba.

"Bibi, ukuta wangu unaota."

"Mshukuru Mungu, mjukuu wangu. Kwa wenzako hakuoti kitu."

Angevumilia, kwa maana mjanja huzoea kulala popote. Lakini Jumamosi Mama Biubwa alikuwa anapanda kutoka Mbamba Bay kuja kukagua nyumba atakayoishi binti yake, Hafidha. Alishasema kwenye simu, na sauti yake haikuwa ya mzaha: "Mimi simtoi mwanangu kwenye nyumba kavu nikamtie kwenye birika. Nikiona unyevu, uchumba umekwisha." Na Ausi, aliyewahi kumuuzia mtu mmoja wa Kitai basi ambalo halikuwa lake, alimpenda Hafidha kwelikweli. Lilikuwa jambo pekee la kweli alilokuwa nalo, na lilimtia hofu.

Basi akasimama uani na koti lake la manyoya mkononi, akatupa jicho chumba cha mbele. Hapo ndipo akili ilipomfunguka.

Chumba cha mbele kilikuwa chumba hasa! Sakafu ya saruji, kuta nyeupe za chokaa, madirisha mawili ya kutazama barabara, na jua likitokea, linaanzia humo. Aliyekuwa anaishi humo ni nani? Magunia kumi na mawili ya kahawa, yamelazwa juu ya mbao yasiguse sakafu, na pazia yamewekewa. Msicheke. Kwa Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, kahawa ndiyo iliyosomesha watoto na kuezeka bati, kwa hiyo hupewa chumba kizuri, na binadamu watajibana watakapoenea.

Ausi aliingia ndani, akachokora chini ya kitanda, akatoka na kipimo cha unyevu. Kilikuwa cha karani mmoja wa kununua kahawa aliyehama mjini haraka bila kuaga. Kina msumari wa kuchomeka kwenye gunia na kioo cha namba, na nyuma kina kitufe. Kilikuwa kimeharibika zamani, ila namba zake zilitii kidole gumba.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bibi," alisema Ausi, ambaye kila Ijumaa alikuwa safu ya pili msikitini.

Bibi Gaudiosa aliacha kupepeta maharage, akamtazama juu hadi chini. "Milele amina. Umebatizwa lini?"

"Ni heshima tu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Ni kahawa yako. Jana sikulala kwa ajili ya kahawa yako."

Bibi akaweka ungo chini.

Waliingia chumba cha mbele. Ausi akauchomeka msumari kwenye ukuta mweupe, akafumba macho kama anayesikiliza habari mbaya, kidole kikafanya kazi yake. Akageuza kioo. Thelathini na moja.

Lazima mjue maana ya namba hiyo kwa mtu wa Mbinga. Kahawa ikizidi unyevu wa asilimia kumi na mbili, mnunuzi anakurudishia gunia lako mbele za watu. Kwa kumi na nne watu wamegombana na ndugu zao. Thelathini na moja Bibi Gaudiosa hakuwahi kuisikia tangu azaliwe, na alikuwa na miaka sabini na miwili. Alikaa juu ya gunia.

"Mama yangu wee! Mbona ni mweupe?"

"Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Nikuulize, Bibi. Mtu aliyetapika na mtu ambaye bado hajatapika, nani ana nafuu?"

"Aliyetapika."

"Haya. Ukuta wa chumba changu umeshatapika. Ule ukungu ndio matapishi yenyewe, ndani umebaki mkavu kabisa. Lakini huu hapa!" Aliupigapiga taratibu. "Umeshiba maji, umefumba mdomo, unangoja."

"Unangoja nini?"

"Kahawa yako."

Wakaenda chumba cha nyuma kuhakikisha. Ausi alichomeka msumari katikati ya ukungu mweusi, tone la maji likimdondokea shingoni kutoka darini. Kipimo kikasema kumi na moja. Bibi Gaudiosa akafanya ishara ya msalaba.

"Kwa hiyo kahawa ihamie huku," akasema. "Na wewe je?"

"Mimi nitakwenda kule kwenye maji," alisema Ausi, akainamisha kichwa. "Kahawa iharibike nami nipo? Bora niharibike mimi."

Bibi alijifuta machozi kwa pembe ya kitenge. Kisha akasema, kwa unyonge sana, "Lakini mimi mjane, baba, shule yangu ya darasa la nne. Naomba uniandikie, wewe mtaalamu. Kwamba kahawa yangu imehama ikiwa nzima. Na ikionekana na ukungu, unainunua yote kwa bei ya kahawa safi."

Ausi alisita. Lakini alihesabu haraka: ukungu hauli gunia kwa siku mbili tatu. Ukaguzi ungepita, Bibi angeuza, nani angemfuata? Akatazama tena dirisha la mbele, jua likiwa limejichomoza kidogo na kulala sakafuni mahali hasa ambapo Hafidha angeweka cherehani yake. Akaomba kalamu.

Jambo halikuisha hapo, maana Mbinga haina siri ndefu. Kufikia mchana watu walishajaa uani kutaka kupimiwa. Mmoja alileta godoro, mwingine mlango aliong'oa kwenye bawaba zake. Otilia wa nyumba ya pili alimleta mumewe Pankras, amemshika mkono.

"Nipimie na huyu. Nadhani amelowa tangu jana."

Ausi alimgusisha Pankras msumari kiganjani. Arobaini na sita.

"Nilijua!" alisema Otilia, akaenda kumwanika.

Alasiri akaja Mzee Urbani, mwenyekiti wa mtaa, na mhuri wake ndani ya kopo la kahawa. Alikuwa mtu wa taratibu. Alitaka magunia yote yapimwe moja moja mbele yake, naye aandike. Ausi akachomeka msumari mara kumi na mbili, na mara zote ikawa kumi na moja. Hakufungua gunia hata moja, ya nini? Wala hakusikia harufu yoyote, kwa sababu mtu aliyelala na ukungu miezi mitatu pua yake inakuwa imeshakata tamaa.

"Mtaalamu anathibitisha kahawa haina ukungu?" aliuliza Mzee Urbani.

"Nathibitisha."

"Weka sahihi." Akaupulizia mhuri pumzi ya moto, akaugandamiza.

Magunia yakahamia nyuma, Ausi akahamia mbele. Alisugua koti kwa siki, akalianika dirishani, akalala usingizi wa mtu mwema.

Jumamosi saa tano Mama Biubwa aliteremka na baibui lake, kapu la usipa mkavu, vile visamaki vya ziwani anavyouza, na Hafidha nyuma yake. Alikagua kama askari wa forodha. Alipitisha kiganja ukutani, akakinusa. Alipiga magoti akagusa sakafu. Akavuta pazia, akalirudisha.

"Mashallah," akasema mwisho, na Ausi nusura apige vigelegele mwenyewe. "Kumbe una akili. Hafidha, umeona?"

Hafidha alikuwa anamtazama Ausi, siyo chumba.

Hapo hapo Bibi Gaudiosa akaingia na chupa ya chai, amevaa kitenge cha kanisani.

"Karibuni sana, wageni wangu. Mama, nisamehe kwa chumba hiki. Kijana wako ana moyo, kakubali kuishi humu ili anisitiri."

"Kina nini?" aliuliza Mama Biubwa.

"Si maji? Asilimia thelathini na moja. Yamejaa humo ukutani, yanangoja. Alipima mwenyewe, mtaa mzima umeona."

Mama Biubwa alisimama akakusanya baibui lake. "Hafidha, toka hapo. Usiguse ukuta!"

"Mama, subiri!" Ausi alihisi kwapa zinavuja. "Ukuta ni mkavu, Mama. Wallahi ni mkavu."

"Na hiyo thelathini na moja?"

Ausi alimtazama Bibi, akamtazama Mama Biubwa, akamwona Hafidha ameshashika kapu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akasema neno la kweli, nalo likamtoka kwa shida.

"Kipimo ni kibovu. Kinasema ninachotaka mimi."

"Kibovu?" Bibi Gaudiosa aliweka chupa ya chai mezani polepole, isimwagike. "Basi na kahawa yangu haikupimwa! Mwenyekiti!"

Mzee Urbani, kwa bahati ya Mungu, alikuwa nje ya mlango, na kwa bahati hiyo hiyo alikuwa na ile karatasi mkononi. Wakaongozana wote hadi chumba cha nyuma. Bibi akakata uzi wa gunia la kwanza. Wingu la kijivu likapanda hadi darini na Mama Biubwa akapiga chafya saba mfululizo. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge, zina ndevu. La pili vivyo hivyo, na la tatu likawa baya kuliko yote.

"Hii si ya siku tatu!" Ausi alipiga kelele. "Bibi, hii imeoza zamani!"

"Mbona uliandika kumi na moja?"

"Lakini ulijua!"

"Mjukuu wangu," alisema Bibi Gaudiosa, na unyonge wote ulikuwa umeshamtoka, "sisi tunachuma mwezi wa sita. Mwezi wa tisa kahawa njema yote imeshauzwa chama cha ushirika. Leo ni mwezi wa tatu. Iliyobaki ndani imebaki kwa nini?"

Ausi alikuwa mtu wa ziwani. Angetofautisha usipa wa juzi na wa leo kwa kuutazama tu. Hilo la kahawa, ambalo kila mtoto wa Mbinga analijua kabla hajajua kujifunga kamba za viatu, hakuwahi kuliuliza.

"Imekataliwa," alisema Mzee Urbani, kumsaidia.

"Mara mbili," alisema Bibi. "Ilinyeshewa kwenye kichanja cha kuanikia. Nikaiweka chumba kizuri, labda Mungu ataleta mnunuzi. Akaleta."

Karatasi ikasomwa kwa sauti, mhuri ukaonyeshwa. Ausi hakuwa na thamani ya magunia kumi na mawili ya kahawa safi, lakini alikuwa na pikipiki nzuri, na Bibi Gaudiosa akasema kwa huruma kwamba itatosha. Otilia alikuwa ameshika mlango kwa kicheko.

Ndipo Hafidha akaingia ndani, akaugusa ukuta ule mweusi.

"Humu ndimo ulimokuwa unalala?"

"Miezi mitatu."

"Na kile kikohozi kwenye simu? Uliniambia ni vumbi la makaa, unasimamia malori ya mgodi wa Ngaka."

Ausi akakohoa.

"Unajua nyuma ya kabati la mama, kule nyumbani, kuna nini?"

"Hafidha!" alisema Mama Biubwa.

"Ukungu. Upo tangu sijazaliwa. Kila mwaka tunausugua, tunapiga chokaa, unarudi, tunausugua tena. Ungeniambia tu, Ausi. 'Hafidha, chumba kina ukungu.' Ningekuja na brashi." Machozi yalimlenga, akayafuta kwa hasira. "Nimekasirika, na sijui kama nitaacha."

Mama Biubwa na Bibi Gaudiosa walirudi chumba cha mbele kunywa ile chai. Walikaa muda mrefu, na kicheko kikasikika mara kadhaa. Chupa ilipoisha Mama Biubwa alikuwa amepanga chumba kile kwa mwaka mzima, kwa ajili ya usipa wake, maana masika yanamharibia mzigo na ukuta mkavu namna ile haupatikani ovyo. Jumanne magunia ya usipa yakafika, Hafidha akiwa msimamizi, akalala kwa Bibi. Ausi alirudi nyuma. Sakafu ilikuwa imejaa mali yake mpya, kwa hiyo alitandika juu ya magunia, pua ikiwa karibu na dari.

Siku tano Hafidha alipita uani bila kumsemesha. Ya sita akagonga. Alikuwa na ndoo ya chokaa, tambara na brashi.

Ausi alichanua lile tabasamu lake lililouza basi. "Nilijua tu, mpenzi. Tutasaidiana, eh?"

"Brashi ni moja." Alimkabidhi, akavuta kigoda, akakiweka nje ya mlango penye hewa, akakaa. "Mimi nimekuja kutazama. Sijawahi kukuona ukifanya kazi."

"Sasa nianzie wapi?"

"Sugua kwanza. Anzia kona ile."

Ausi alikunja mikono ya shati, akaanzia kona ile.