Mashine Yenu Imenisingizia Mapenzi

Jeremia Festo,
Kijiji cha Mchombe,
kwa mkono wa Tamimu mwenye duka.

Meneja wa Vipindi,
Redio Mpunga FM,
Ifakara.

Ndugu Meneja,

YAH: KUSINGIZIWA MAPENZI HEWANI

Nakusalimu kwa heshima, ila kwa kifupi, maana nina hasira na sitaki zipoe kabla sijamaliza kuandika.

Mimi ni msikilizaji wenu tangu mnaanza. Zamani kadi zetu za salamu alizisoma Dada Mwanabaraka. Ukiandika ujumbe wako ni "leta jembe langu", alisoma hivyo hivyo, leta jembe langu, na jembe lilikuja. Sasa mmemweka pembeni, kadi hamzitaki, tunatuma meseji, na anayesoma ni hiyo akili mnemba yenu. Sikupinga. Nilidhani ni mtangazaji mgeni kutoka Dar es Salaam.

Mkasa wenyewe ni huu. Mke wangu Philomena alinikuta juu ya dungu, nilikopaswa kufukuza ndege wasile mpunga. Nilikuwa nimepumzisha macho. Badala ya kuniamsha, akatoa simu, akanirekodi mdomo wazi, ndege wakijilia, akaweka status. Mpaka watu wa Lumemo wameniona! Nikamwambia afute. Akasema haifutwi, watu wameipenda. Nikamwambia basi achague, mimi au simu. Ndugu Meneja, hakufikiri hata kidogo. Alichukua simu, akachukua na chaja, akaenda Mang'ula kwa kaka yake Bryson, na juu ya hayo akanibloku.

Kwa Bryson redio yenu haizimwi, ndiyo maana niliwatumia ujumbe. Niliandika: "Jeremia wa Mchombe anamsalimia Philomena aliyeko Mang'ula. Ujumbe: mpunga umeiva, rudi tuvune." Basi. Maneno ya mtu mzima.

Mashine yenu ikasoma, kwa sauti iliyolegea na kinanda nyuma yake: "Mpenzi wangu Philomena, tangu uondoke nyumba imepoa, chakula hakipiti. Nimekosa, nisamehe. Rudi tuvune pamoja." Loo!

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sijawahi kumwita Philomena mpenzi. Mbele za watu namwita Mama Luciana, na tukiwa wawili namwita "wee". Ndoa yetu imekwenda vizuri kwa utaratibu huo.

2. Chakula kinapita. Dakika ile ile nilikuwa barazani kwa Tamimu nakula ugali kwa kambale, redio imewashwa. Watu waliitazama redio, kisha wakanitazama mimi, kisha wakalitazama tonge. Tamimu akauliza kwa upole hicho kinachopita ni kitu gani.

3. "Nimekosa." Nani? Lini? Kwetu mume akikosa haendi redioni. Anakwenda ukweni na jogoo, anakalishwa mkekani, anasemwa mpaka mashangazi wachoke wenyewe. Ninyi mmeniombea msamaha bila jogoo! Mama mkwe ameshatuma ujumbe kwamba msamaha ameusikia vizuri, anauliza jogoo yuko wapi.

4. Mmevuruga na nyumba za wenzangu. Jirani yangu Mayunga ni mfugaji, anawajua ng'ombe wake wote kwa majina. Mkewe amemuuliza mbona yeye hajawahi kutangaziwa kwamba nyumba imepoa. Sasa anashinda zizini na salamu yangu haiitikii.

5. Vijana wa kinu cha kukobolea wananiita Mpenzi. "Mpenzi, shikamoo." Shikamoo ya namna hiyo unaiitikiaje?

6. Na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ilijuaje? Mimi sikuandika kwamba nyumba imepoa. Imepoa, ndiyo, hata kuku wanaingia ndani wakitafuta mtu. Inaniuma. Lakini sikuandika! Kama mashine inaweza kukaa huko Ifakara ikajua kilichomo kifuani mwa mtu wa Mchombe, kesho itawatangazia watu na mengine.

Kwa hiyo naomba, tena nadai, mambo mawili. La kwanza, msome rekebisho hewani, saa ile ile, kwamba Jeremia hajamkosea mtu, nyumba yake ina joto la kutosha, na anachotaka ni mvunaji. La pili, mashine hiyo, au wewe Ndugu Meneja kwa niaba yake, iende Mang'ula na jogoo, ikae mkekani, isemwe na mashangazi wa Philomena. Tuone kama itatoka pale na sauti laini.

Wasalimu mafundi mitambo, mlinzi wa getini, mama anayewapikia chai, na zaidi Dada Mwanabaraka. Mwambie huku tunamkumbuka.

Ni mimi mwenye uchungu, na si mpenzi wa mtu,

Jeremia Festo

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, Philomena ameingia. Amekuja na begi na mundu wa kuvunia. Nikaanza kujitetea kwamba maneno yale si yangu, akanikatiza. Anasema alijua ni mashine tangu neno la kwanza, kwani mimi ananifahamu. Alichokuwa akisubiri kule Mang'ula, sikio redioni kila siku, ni kuona kama nitayakanusha. Barua nikaikalia.

Ndugu Meneja, rekebisho lisisomwe. Nakusihi sana. Jogoo nitampeleka mwenyewe, mkekani nitakaa mwenyewe. Barua naituma kwa ajili ya salamu za Dada Mwanabaraka tu, mengine yote futeni. Na mtu yeyote akija hapo kuuliza maneno yale yalikuwa ya nani, mwambieni ni ya Jeremia.