Vita vya Funguo Arobaini na Moja

Nyamazeni, enyi mliosoma na mliosomeshwa, mtege masikio. Kwani nitanena habari za mlango mmoja wa maabara ya kompyuta, na jeshi la wanachuo ishirini lililouzingira tangu saa tatu asubuhi, na mtu mmoja aliyekumbuka kuhesabu.

Ilikuwa siku ya tano, nayo ya mwisho, ya kozi fupi ya akili mnemba. Siku nne Mhadhiri, simba wa ubao mweupe, alikuwa amewafundisha utafutaji wa kubahatisha: ya kwamba mashine ikikabiliwa na njia nyingi kupita nyota, isizipitie zote, bali ijaribu popote, kisha popote tena. Limebaki zoezi la vitendo la nusu saa, na maabara ni yao hadi saa sita tu. Mtunza maabara yuko likizoni. Ameacha kishada cha funguo arobaini na moja, zisizo na alama hata moja.

"Majaliwa yametuletea mfano," akanena Mhadhiri, akikiinua kishada kama kichwa cha adui. "Kila mmoja afumbe macho, ashike ufunguo wowote, ajaribu, ampokeze mwenziwe. Wala asiwepo wa kukumbuka uliokwisha kujaribiwa, maana kumbukumbu huchafua bahati."

Wakafumba, wakashika, wakashambulia. Kitasa kikanguruma, kikakataa. Saa tano ikawakuta wamelowa jasho.

"Wanangu," akasema mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki ukumbini, "huo wa choo mmeshaujaribu mara saba. Choo kiko kule."

"Mama, tuachie sayansi," akajibu Mhadhiri.

"Haya. Sayansi isinikanyagie pasipokauka."

Ndipo akasimama Kiranja, mwana wa bweni, aliyelelewa kwa kengele miaka sita, ambaye shati lake halijapata kutoka nje ya suruali. Zoezi hili lilimpita mwaka jana, amelazwa kwa homa. Likimpita tena, wenzake watavaa joho naye akiwatazama kutoka viti vya wageni, kando ya mama yake aliyekwisha kushona nguo ya mahafali mara mbili.

"Mwalimu, kwa heshima," akanena, "bahati ni silaha ya mwenye njia zisizohesabika. Hizi zinahesabika. Naomba kishada."

"Hujaielewa kozi wewe."

"Nimeielewa, Mwalimu. Ndiyo maana naomba kishada."

Akachomoa uzi mwekundu katika pindo la soksi yake, akaufunga kwenye ufunguo wa kwanza, akaanza safari. Wa pili. Wa kumi. Wa choo akaupitia bila kinyongo. Wa ishirini ukakwama, akaung'oa kwa mikono miwili. Wa arobaini ukakataa. Ukasalia mmoja, jirani wa uzi kwa upande wa pili. Ukazunguka, na mlango ukasalimu amri saa tano unusu kamili.

Mhadhiri akacheka. "Unaona? Ungezungukia upande huu, huo ungekuwa wa pili tu. Hiyo ndiyo bahati."

"Huenda, Mwalimu. Ila wa choo nimeujaribu mara moja."

Zoezi likafanyika, Kiranja akapata alama yake, na mama yake hakushona nguo ya tatu. Katika ripoti Mhadhiri akaandika kwamba mlango ulifunguliwa kwa utafutaji wa kubahatisha, uliofaulu kwa asilimia mia.

Bali tuliokuwepo tunashuhudia, na vizazi vishike: jeshi lilipoondoka na utukufu wake, mama wa usafi alikiokota kishada mezani, akaufungua ule uzi mwekundu, akausogeza hatua moja, akaufunga kwenye ufunguo wa maabara. Na tangu siku hiyo mlango ule haujazingirwa tena.